Moshi Kwanza, Sindano Baadaye

Ukitaka kuelewa historia ya heroini Pwani ya Kenya, usianze na sindano. Sindano ndiyo hupigwa picha kila mara, lakini ilifika mambo yakiwa yameshaharibika kitambo. Mwanzoni kulikuwa na moshi tu.

Na kabla ya moshi kulikuwa na dawa ya kikohozi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini madukani, ikisifiwa kuwa salama kuliko mofini. Ilipofika 1913 kampuni iliacha kuitengeneza, maana wagonjwa walikuwa wamepona kikohozi na bado wanarudi dukani. Hapo uraibu wa heroini ulijionyesha wazi: sababu ya kwanza inaisha, haja inabaki.

Huku kwetu unga uliingia mapema miaka ya 1980, kwenye miji ya bandari na utalii: Mombasa, Malindi, Watamu, Lamu. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, ukiitwa brown sugar. Vijana waliuchanganya na bangi na tumbaku wakasokota kokteli, au waliuchoma juu ya foili wakavuta mvuke. Haukunuka kama pombe. Kijana angerudi nyumbani, akae na wazazi, asishukiwe.

Hatua hii ya kwanza ndiyo inayodanganya watu. Jamaa anavuta Jumamosi na marafiki, Jumatatu yuko kazini. Anaona wengine wamelewa akili, yeye anajiweza. Lakini ubongo una vituliza maumivu vyake vyenyewe, na unga hupitia milango ileile. Ukiuleta kila siku, ile milango inazoea na kupunguza kuitikia. Kete moja iliyotosha Januari haitoshi Juni.

Halafu siku moja anaikosa. Kabla siku haijaisha, kamasi zinamtoka, anapiga miayo, ngozi inamsimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Yanafuata maumivu ya mifupa, kutapika, kuhara. Wenyewe wanaiita arosto, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kuanzia hapo havuti tena kutafuta stimu. Anavuta ili aweze kusimama, anywe chai, aende kutafuta pesa ya kete ijayo. Mtaa unamwita teja, neno lililo karibu mno na mteja. Kwa kweli ndivyo alivyo sasa: mteja asiyeweza kuhama duka.

Katikati ya miaka ya 1990, Omari Project ilipoanza kuwasaidia waraibu wa Malindi na Watamu, zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita tangu moshi wa kwanza. Mji ulichelewa kukubali tatizo, sawa na mtu mmoja anavyochelewa.

Kisha bidhaa ikabadilika. Karibu mwaka 1999 brown sugar ilianza kupotea, ukaja unga mweupe ulioitwa white crest. Unga wa aina hiyo hauchomeki vizuri kwenye foili, lakini unayeyuka haraka kwenye maji. Hebu jiweke hapo: arosto inakuja kila siku, pesa ni ileile, na ukivuta, nusu ya pesa yako inaondoka na upepo. Ukijidunga, hakuna kinachopotea. Watu wengi waliingia kwenye sindano kwa hesabu hiyo, si ati kwa sababu walikuwa wamepotoka kuliko wenzao waliovuta. Na sindano moja ilizunguka maskani nzima. Makadirio ya kitaifa ya 2012 yalionyesha kwamba karibu watu 18 katika kila 100 wanaojidunga walikuwa na virusi vya Ukimwi, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha watu wazima wengine.

Mwisho wa 2010 serikali iliwabana wauzaji, na kwa miezi kadhaa unga ukaadimika Pwani. Ukiamini kwamba uraibu ni upatikanaji wa dawa tu, ungetarajia tatizo liishe. Haikuwa hivyo. Waraibu walijaa hospitalini wakiwa na arosto, na hospitali nyingi hazikuwa zimejiandaa. Wengine walihamia vidonge na pombe, wengine walisafiri miji mingine kuutafuta. Unga uliporudi, ulikuta wateja bado wapo.

Msaada wa maana ulikuja polepole. Methadoni, iliyotumiwa kutibu uraibu wa heroini huko New York tangu miaka ya 1960, ilianza kutolewa Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi mwaka 2015. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, anaenda zake. Dawa inazuia arosto kwa siku nzima. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Lakini mtu asiyekimbizana na kete kila baada ya saa chache ana nafasi ya kufanya kazi, na hana haja ya sindano ya mwenzake.

Kwa nini historia hii ina uzito leo? Kwa sababu familia nyingi bado huhesabu wiki. Kijana anatoka rehab au jela akiwa msafi, nyumba inasherehekea, na akirudia mara moja anafukuzwa. Kumbe huo ndio wakati wa hatari kuliko wote. Mwili umesahau mazoea, kiasi alichokimudu zamani sasa kinaweza kumzima pumzi, na mtu aliyefukuzwa hujidunga peke yake, pasipo mtu wa kumwona.

Pwani ilichukua takriban miaka 30 kutoka kwenye kokteli hadi kikombe cha methadoni. Aliyezama kwa miaka 10 hawezi kudaiwa aibuke kwa siku 14. Akirudi, mfungulie mlango. Akiteleza, mfungulie tena.