Mkorosho Kusini mwa Tanzania

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni pwani ya kaskazini-mashariki ya Brazil, ambako Watupi waliuita acajú, na Wareno waliofika huko katika karne ya 16 wakalifupisha neno hilo likawa caju. Wareno hao hao ndio walioupanda Goa na Msumbiji, na neno lao halikupotea njiani: hata leo wako watu wa mwambao wanaouita mti huo mkanju na tunda lake kanju.

Ni mti usiovua majani yake yote kwa pamoja, hivyo kivuli chake hudumu mwaka mzima. Umbo la tunda lake ni la ajabu. Bibo, lile jekundu au la manjano linalovutia macho, kwa elimu ya mimea si tunda. Ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia nje, chini ya bibo, ndani ya ganda lenye mafuta makali yanayounguza ngozi. Bibo huliwa, na maji yake huchachushwa yakawa uraka, ambao ukitoneshwa hutoa pombe kali iliyowapeleka wengi mahakamani. Mafuta ya ganda hutumika viwandani kutengenezea rangi na vitambaa vya breki. Lakini kilichoubadilisha uchumi wa kusini ni kokwa iliyomo ndani ya ganda hilo.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina nchi pana za mchanga, na uwanda wa juu wa Makonde una shida ya maji tangu kale. Mkorosho huvumilia yote mawili. Mkulima alifyeka pori akapanda muhogo na mtama, na katikati ya mimea hiyo akafukia korosho chache. Kwa miaka mitatu au minne alivuna chakula. Kisha matawi yalipokutana, shamba la chakula likawa shamba la mikorosho, naye akahamia kipande kingine. Kwa njia hiyo mti ulienea bila bwana shamba wala mkopo.

Jambo hilo lapasa kulinganishwa na lililotendeka karibu yake wakati huo huo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, na bandari yenye kina kirefu ikaanzwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, karanga zenyewe zikiwa chache mno. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari, iliyofunguliwa mwaka 1954, ilibaki, na mzigo ulioipa kazi ulikuwa korosho za wakulima ambao hakuna aliyewapangia mpango wowote. Korosho hizo zilikwenda India zikiwa na maganda yake, na huko Kollam maelfu ya wanawake walizibangua kwa mikono.

Mavuno yaliongezeka mwaka hata mwaka, hata katika msimu wa 1973/74 Tanzania ikapata tani zipatazo 145,000. Kisha yakaanguka. Miaka mitano baadaye hayakufika nusu ya hizo, na katika msimu wa 1986/87 zilikusanywa tani 16,500 hivi tu.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe ambao hushika maua na majani machanga wakati wa baridi ya kiangazi. Ni kweli kwamba ugonjwa huo uliharibu mno. Hata hivyo tarehe zakataa kuubebesha lawama yote. Ubwiriunga wa mkorosho uliripotiwa Tanzania mwaka 1979, ilhali mavuno yalikuwa yameanza kushuka miaka minne au mitano kabla. Kilichotokea katika miaka hiyo ni kuhamishwa kwa watu. Kati ya 1973 na 1976 wakulima waliokuwa wakiishi wametawanyika walikusanywa katika vijiji vya maendeleo, na wengi wa kusini wakajikuta mbali na mikorosho yao. Mkorosho huvunwa kwa kuokota. Korosho huanguka yenyewe chini ya mti, na pasipopaliliwa hupotea katika majani au huteketea kwa moto wa nyika. Mtu anayeishi shambani huokota kila asubuhi. Anayetembea saa mbili kulifikia huokota mara chache, hatimaye huacha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na malipo ya mkulima yakazidi kupungua thamani. Ugonjwa ulikuta mashamba yaliyokwisha kuachwa, matawi yamesongamana, hewa haipiti, mahali panapoupendeza.

Viwanda vikubwa vya kubangulia, vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na kwa mitambo ya Japani na Italia, vilikamilika wakati ambapo korosho zote za nchi hazikutosha kuvilisha. Vingi vikafungwa, na baadhi yake vikageuzwa maghala.

Ufufuaji ulianza kwa wakulima kurejea mashambani mwao, na kwa kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara. Watafiti wa huko walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake huzuia ubwiriunga. Wakahimiza kupunguza miti iliyobanana, wakazalisha miche bora ya kubebesha. Katika msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha zamani.

Ugomvi wa bei haukwisha. Tangu 2007 korosho zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani na mnada, ili kumkinga mkulima na kangomba, yaani mlanguzi anayenunua kijijini kwa kipimo chake mwenyewe, aghalabu kabla ya mavuno, mwenye shamba akiwa na njaa. Mwishoni mwa 2018 wakulima walizikataa bei za mnada, na Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakipewa kazi ya kuzisomba. Kabla ya kulipwa, mkulima alihakikiwa kwanza, aonekane ana shamba kweli na si kangomba. Uhakiki huo ulichukua muda mrefu, na wapo waliofikia msimu uliofuata wangali wanadai.