Ratiba ya moto katika uchomaji wa glezi

Ratiba ya moto ni mpango wa joto na muda unaofuatwa tanurini ili glezi, yaani utando wa kioo juu ya chombo cha udongo, iyeyuke na kushikamana na chombo. Huko Unguja Ukuu, kilomita chache kusini-magharibi mwa msitu wa Jozani, waakiolojia wamefukua vigae vya mitungi ya buluu-kijani iliyotoka Ghuba ya Uajemi, pamoja na vigae vya vyungu vya wenyeji visivyo na glezi. Wafinyanzi wa Unguja hawakukosa ustadi. Tatizo lilikuwa moto: moto wa wazi wa kuni hupanda na kushuka upesi, wala kwa kawaida haufiki 1000°C ambazo glezi nyingi huzihitaji.

Tanuri la umeme humwezesha mfinyanzi kuutawala moto. Masika, hewa ya kisiwa ikijaa unyevu, vyombo vikae kwanza chini ya 100°C. Shika kioo kidogo mbele ya tundu la kuchungulia: kikifanya ukungu, mvuke bado unatoka. Karibu na 573°C chembe za kwatzi hutanuka ghafla, basi hapo moto uende taratibu, kupanda na kushuka.

Kosa kubwa ni kuamini kipimajoto peke yake. Glezi huiva kwa joto na muda kwa pamoja. Koni ya Orton namba 6, yaani kipande cha kauri kinachowekwa tanurini na kuinama kikishaiva, huinama kwenye 1222°C joto likipanda 60°C kwa saa, lakini huhitaji 1243°C likipanda 150°C kwa saa. Kwa hiyo glezi ikitoka na vitundu kama vya sindano, lishikilie joto la juu dakika 10 hadi 30 gesi zitoke na vitundu vizibe, ila punguza kilele kwa nyuzi chache, la sivyo glezi itatiririka na kugandisha chombo kwenye rafu. Nyufa ndogo kama wavu kwenye glezi ni jambo jingine: mara nyingi glezi na udongo havisinyai sawa, na dawa yake ni kubadili mchanganyiko, si ratiba.

Umeme ukikatika, kama ulivyokatika Unguja kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, usifungue tanuri. Andika joto lililofikiwa, acha tanuri lipoe lenyewe, kisha uchome upya. Mlango hufunguliwa joto likishuka chini ya 100°C.