Kibao Kinachohesabu Dakika

Somo letu la leo ni historia ya barabara.

Zamani Warumi walisimamisha mawe kando ya barabara zao. Jiwe lilimwonyesha msafiri idadi ya maili, lakini halikumwambia atachukua muda gani. Njia ikiwa wazi, maili kumi ni safari fupi. Magari yakisongamana, maili hizo hizo humtoa mtu jasho.

Mwaka 1961 wahandisi wa Chicago, Marekani, walianza kazi ya kuyapima magari kwa mitambo katika barabara kuu.

Katika miaka ya 1990 mji wa Houston, nchi hiyo hiyo, ulisonga mbele. Madereva wengi walibandika kiooni kidude cha kulipia ushuru wa barabara. Mitambo ya njiani ilikitambua kidude hicho gari lilipopita. Tuseme gari limepita mtambo wa kwanza saa mbili kamili, na wa pili saa mbili na dakika sita. Limetumia dakika sita. Kompyuta hujumlisha hesabu za magari mengi, hutafuta wastani, na kibao cha taa huandika jibu.

Lakini angalieni! Dakika hizo ni za waliokwisha kupita. Ajali ikitokea sasa hivi, kibao hakijapata habari. Basi dereva mwenye akili hukisoma, kisha hutazama njia.

Swali: Gari limepita mtambo wa kwanza saa tatu na robo, na wa pili saa tatu na nusu. Limetumia dakika ngapi? Je, wewe uliye nyuma yake utatumia dakika hizo hizo? Zungumzeni darasani.