Utengamao wa moyo kwa simu: mgonjwa yuko Kigoma, mtaalamu yuko Dar, mazoezi yanaendeleaje?

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam. Ameruhusiwa, kapewa mfuko wa dawa, tarehe ya kliniki na maneno mawili matatu: punguza chumvi, usibebe vitu vizito, fanya mazoezi kidogo kidogo. Anarudi zake Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

Akifika nyumbani, maswali yanaanza. Mazoezi kidogo ni kiasi gani? Kifua kikibana nikipanda kilima, nipumzike au nikimbizwe hospitali? Na hiki kidonge kinachonipeleka chooni kila saa, naweza kukiruka siku ya safari?

Kuna huduma ambayo kazi yake ni kujibu maswali haya. Inaitwa utengamao wa moyo. Ni programu ya wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, ambapo mgonjwa anafanya mazoezi yaliyopimwa, anafundishwa kuhusu ugonjwa wake na dawa zake, anasaidiwa kuacha sigara na kula vizuri, na anapata mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu. Hiyo ya hofu isichukuliwe poa: watu wengi waliopata shambulio la moyo wanaogopa hata kupanda ngazi, wanakaa tu, na kukaa huko kunawadhoofisha zaidi.

Zamani ilionekana lazima mgonjwa afike hospitali mara mbili au tatu kwa wiki. Siku hizi sehemu kubwa inafanyika nyumbani, mtaalamu akifuatilia kwa simu.

Faida yake imethibitishwa?

Ndiyo, tena kwa muda mrefu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2021 yalikusanya majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wenye matatizo ya mishipa ya moyo. Waliopata utengamao wenye mazoezi walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa ugonjwa wa moyo, kupata shambulio jingine, au kulazwa tena.

Shida ni upatikanaji. Karibu nusu ya nchi duniani hazina programu hata moja ya aina hii, na nyingi kati ya hizo ni za kipato cha chini. Kwetu, nguvu kubwa imeenda kwenye kutibu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, inafanya upasuaji na kuzibua mishipa iliyoziba, na wataalamu wake wanazunguka mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Hatua kubwa sana. Lakini daktari wa mkoba anakuja na kuondoka, na ugonjwa wa moyo unakaa na mtu kila siku.

Mambo haya hayakuanza na simujanja

Ukisikia “utengamao wa mbali” unaweza kufikiria programu za kisasa na saa za mkononi zenye taa. Kumbe mojawapo ya mifano ya mwanzo ilikuwa kitabu na kaseti.

Kule Edinburgh, Uskoti, wataalamu walitengeneza mwongozo wa wiki 6 kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo. Mgonjwa alikwenda nao nyumbani, akasoma kurasa za wiki husika, akafanya mazoezi yaliyoelekezwa na kusikiliza kaseti ya kutuliza akili. Mtaalamu alimfuatilia mara chache tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: waliopewa mwongozo walikuwa na wasiwasi mdogo, na ndani ya miezi 6 ya kwanza wachache wao walirudi kulazwa ukilinganisha na wenzao.

Halafu ikaja meseji. Jijini Sydney, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo. Nusu yao walitumiwa SMS 4 kwa wiki kwa miezi 6: ushauri wa chakula, mazoezi, sigara, na maneno ya kutia moyo. Hakuna programu ya kupakua, hakuna intaneti. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Waliopokea meseji walikuwa na lehemu mbaya kidogo na presha ya chini zaidi kuliko wenzao, na waliobaki wakivuta sigara walikuwa asilimia 26, wakati kwa wasiopokea walikuwa asilimia 43. Kwa SMS tu!

Australia hiyohiyo, utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulilinganisha programu ya kwenye simu na ile ya kwenda kituoni. Waliopewa ya simu, asilimia 80 waliimaliza. Wa kituoni waliomaliza ni asilimia 47. Huhitaji kuwa mtaalamu kujua kwa nini: nauli, kazi, foleni, watoto.

Je, ya nyumbani ni duni? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yenye majaribio 24, yaliangalia swali hilo na kukuta matokeo yanafanana, kuanzia vifo hadi uwezo wa kufanya mazoezi. Jirani zetu Kenya nao wamejaribu. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, watafiti waliangalia wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri: kundi moja lilifanya mazoezi hospitalini, jingine lilitembea nyumbani likiwa na kifaa cha kuhesabu hatua.

Inafanyikaje hasa?

Mwanzo lazima uwe hospitali. Mgonjwa anapimwa moyo, dawa zake zinapitiwa, na mara nyingi anaambiwa atembee kwa dakika 6 kwenye korido huku umbali ukihesabiwa. Kipimo rahisi, lakini kinasema mengi. Hapo ndipo unapangwa mpango wake yeye, siyo wa jirani.

Kisha anaanza nyumbani. Pengine dakika 5 au 10 za kutembea mahali tambarare, mara mbili kwa siku, anaongeza dakika chache kila wiki. Lengo la baadaye kwa wengi ni kufikia dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mtaalamu anapiga simu, tuseme mara moja kwa wiki: umetembea siku ngapi, presha inasomaje, miguu imevimba, unalala na mito mingapi? Hilo swali la mito siyo umbea. Mtu anayehitaji kuongeza mito ili apumue usiku, maji yanaweza kuwa yanajaa kwenye mapafu.

Utajuaje kama umezidisha? Kipimo kizuri hakina gharama: kuongea. Ukitembea na bado unaweza kuzungumza sentensi nzima, lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Hapa niseme kitu kuhusu zile hesabu za mapigo ya moyo zinazozunguka mitandaoni, za kutoa umri wako kwenye 220. Wagonjwa wengi wa moyo wanatumia dawa zinazopunguza mapigo, kama bisoprolol, carvedilol au atenolol. Ukiwa kwenye dawa hizo, saa yako inaweza kusema mapigo yapo chini huku mwili umeshachoka kabisa. Sikiliza pumzi kwanza.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio ovyo wakati wa mazoezi, acha palepale. Maumivu yasipoisha ukipumzika, hiyo ni dharura. Usisubiri simu ya wiki, nenda hospitali.

Wapo pia ambao hawatakiwi kuanza nyumbani kabla daktari hajaruhusu: wenye maumivu ya kifua yanayokuja hata wakiwa wamekaa, wenye valvu iliyobana sana, wenye mapigo yasiyodhibitiwa, na yeyote mwenye homa.

Mafunzo ndiyo nusu ya dawa

Watu wakisikia utengamao wanawaza mazoezi tu. Lakini pengine kinachookoa zaidi ni kuelewa.

Chukua mizani. Kwa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu, kujipima uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, ni kama kuwa na king'ora nyumbani. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta ya chapati, ni maji. Piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Chukua ndoo. Aliyepasuliwa kifuani anaambiwa asibebe vitu vizito kwa wiki kadhaa hadi mfupa uunge. Akina mama wengi wakisikia “vizito” wanafikiria gunia. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20! Mtaalamu aliyeko mbali asipouliza nani anachota maji nyumbani, ushauri wake umepotea.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti. Kwa hiyo kuondoa kichupa mezani peke yake hakutoshi.

Halafu kuna warfarin. Hapa Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa moyo ni vijana, na chanzo ni homa ya rumatiki, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Valvu zinaharibika, wengine wanawekewa za bandia. Mwenye valvu ya chuma anatumia warfarin maisha yote ili damu isigande, na anahitaji kipimo cha INR mara kwa mara. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hii. Maana yake siyo uache mboga, bali ule kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Usinunue dawa za maumivu kama diclofenac dukani bila kuuliza. Na kwa binti au mama mwenye valvu hiyo: warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mazungumzo na daktari yafanyike kabla ya ujauzito. Usiache dawa mwenyewe pia, kwa sababu valvu inaweza kuganda damu.

Kwa walio kwenye sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, meseji ya kukumbusha tarehe inatosha kuwa msaada mkubwa.

Na lile swali ambalo halipoi lakini haliulizwi: tendo la ndoa. Kwa ujumla, mtu anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema kupita kiasi yuko salama. Ila anayetumia dawa za nitreti za kifua asiguse vidonge vya nguvu za kiume kama sildenafil. Presha inaweza kushuka vibaya mno. Kwa simu, wanaume wengi wanaona ni rahisi kuuliza hili kuliko uso kwa uso mbele ya wanafunzi wa udaktari.

Vikwazo vyake

Bando linaisha, chaji inaisha, mtandao unakatika. Wazee wengi wana simu ya batani, au simu ni ya mjukuu, na siri za mgonjwa zinasomwa na nyumba nzima. Mimi naona simu ya kawaida ya kupigiwa pamoja na SMS kwa Kiswahili rahisi inaishinda programu nzuri iliyoandikwa Kiingereza. Magrupu ya WhatsApp ya wagonjwa yanatia moyo kweli, lakini yasiposimamiwa na muuguzi, siku mbili tu utakuta mtu anauza majani ya “kusafisha mishipa” na mwingine ameacha dawa.

Kama wewe au mzazi wako mnakaribia kuruhusiwa, ulizeni kabla ya kutoka wodini: natembea dakika ngapi kwa kuanzia, dawa gani sitakiwi kuiruka hata siku moja, dalili gani nirudi haraka, na nani nimpigie. Namba hiyo msiishie kuihifadhi kwenye simu. Iandikeni kwenye karatasi, ibandikeni ukutani pale ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona.