Umm Qays na koo la mwanawe

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja alipita kuchukua nguo zake, amembeba mwanawe anayekohoa usiku kucha na kukataa kula. Akaniambia hakai, anampeleka mtoto kwa mzee akakatwe kimio. Sikuwa na la kumjibu pale pale, lakini alipoondoka nilimkumbuka mwanamke mmoja wa Madina.

Ni Umm Qays bint Mihsan, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, katika wanawake wa mwanzo waliohama, ndugu yake Ukkasha bin Mihsan. Kisa chake kimo katika Sahihi Bukhari, kwenye kitabu cha tiba. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mwanawe mdogo mwenye udhra, yaani uvimbe wa koo upande wa kimio. Alikuwa ameshamtibu kama walivyojua wanawake wa wakati ule, kwa kupabinya palipovimba. Wanavyuoni walioisherehesha hadithi hii wanasema wengine walisokota kitambaa kikakaza, wakakitia puani mwa mtoto mpaka ikatoka damu nyeusi.

Mtume akauliza kwa nini wanawaumiza watoto wao kwa kuwabinya hivyo, kisha akawaelekeza kwenye kustul-hindi, ule udi wa India, utiwe puani. Kila nikikisoma kisa hiki husimama hapo. Umm Qays hakuwa mama mbaya. Alifanya alilofundishwa na wakubwa zake, na aliporekebishwa hakuona haya kutusimulia.

Na sisi tumefundishwa kwamba mtoto akikohoa sana, kimio kimerefuka. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, na koo likivimba nacho huvimba. Ukikikata, ugonjwa unabaki pale pale, na juu yake unaongeza kidonda. Watoto wametokwa damu isiyosita, wengine wamepata pepopunda kwa wembe mchafu.

Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi na hupoa ndani ya wiki moja hivi. Vinywaji vya uvuguvugu vinatuliza, mkubwa asukutue maji ya chumvi, na asali ni nzuri ila si kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Lakini yapo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka, hasa kwa watoto wa umri wa skuli, na hao ndio wa kuogopwa, maana koo likishapoa unaweza kufuata ugonjwa wa baridi yabisi unaoharibu vali za moyo. Mwaka 1950 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya kambi moja huko Wyoming: askari wenye koo la namna hiyo waliopewa penisilini walipata ugonjwa huo kwa uchache sana kuliko wasiopewa. Ndiyo maana daktari akiandika dawa za siku kumi, usiache siku ya tatu eti mtoto keshacheza.

Mtoto akishindwa kumeza hata mate, akipumua kwa tabu, au mafindofindo yakiwa na usaha na homa kali, usingoje asubuhi.

Jioni ile nilimpigia simu yule mteja. Kumbe mzee kasafiri, kaambiwa arudi Ijumaa. Nikamsimulia habari za Umm Qays, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kituo cha afya kinafunguliwa saa ngapi.