Fremu za Mjomba

Mteja mgeni akiingia uani kwangu huangaza macho akitafuta mashine. Haioni. Anachokiona ni meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, makopo ya wino, kamba za kuanikia, na fremu za mbao zilizoegemezwa ukutani. Wengine huniuliza kwa adabu kiwanda chenyewe kiko wapi. Kiwanda ndicho hicho. Mji wetu wa Morogoro una historia ndefu ya viwanda vya nguo, lakini kazi ya kuchapa fulana haikutoka huko. Ilitoka kwa watu waliokuwa na neno la kusema na haraka ya kulisema, ilhali kiwanda hawana, na wengine hata nchi ya kurudi hawakuwa nayo.

Fulana yenyewe ilianza kama nguo ya ndani, na mabaharia wa jeshi la Marekani walikuwa miongoni mwa waliovaa za mwanzo. Julai 1942 gazeti la Life lilitoa kwenye jalada picha ya askari aliyevaa fulana yenye jina la shule ya kulengea shabaha ya jeshi la anga. Mwaka 1948 Thomas Dewey, aliyegombea urais, alichapiwa fulana za kampeni, na mojawapo bado inatunzwa katika makumbusho ya Smithsonian. Dewey alishindwa na Truman. Kwa hiyo wagombea wetu wanaodhani fulana nyingi ni kura nyingi, mfano wao wa zamani kabisa ni huo.

Ila sikubali hadithi kwamba Wamarekani ndio waliotufundisha kuvaa maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, lile ambalo kanga zake zimeandikwa "Mali ya Abdulla" hadi leo. Majina ya kanga yalichapwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi. Bibi wa pwani alikuwa anamsuta jirani kwa pindo la nguo zamani sana, kabla baharia yeyote hajafikiria kuandika chochote kifuani. Tulichokosa ni namna ya kuchapa maneno yetu wenyewe, machache, leo hii, bila kuagiza majora kutoka ng'ambo.

Njia hiyo ndiyo fremu. Wajapani walikuwa na ufundi wa zamani wa kupitisha rangi kwenye karatasi iliyokatwa, na mwaka 1907 Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, akapewa hataza ya kuchapa kwa kitambaa cha hariri kilichowambwa. Mengine yaliyofuata Ulaya na Marekani yanaweza kusimuliwa na wengine. Mimi naijua njia iliyopita Mazimbu.

Mazimbu ni kilomita chache tu kutoka mjini. Lilikuwa shamba la mkonge lililochakaa, na mwaka 1977 serikali yetu ikawapa wakimbizi wa ANC wa Afrika Kusini. Wakajenga shule, nyumba, hospitali na karakana. Mpiganaji wao Solomon Mahlangu aliponyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22, shule ile ikapewa jina lake. Baadaye wakapewa eneo jingine kule Dakawa, kwenye njia ya Dodoma. Huko, katika miaka ya 1980, ukaanzishwa kwa msaada wa Waswidi mradi wa sanaa na ufundi: kufuma, na kuchapa vitambaa kwa fremu.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa seremala, na Mazimbu alipata kibarua cha karakana. Siku moja akaagizwa atengeneze fremu tupu, pembe zake ziwe mraba kamili. Akadhani ni za picha za ukutani. Akazipigilia kwa mbao laini za msonobari, akazipeleka, zikarudishwa. Alirudishiwa na kijana mmoja mgeni ambaye hakumgombeza. Alimwekea fremu juu ya meza akaibonyeza pembe moja kwa kidole, na pembe ya upande wa pili ikainuka. Kisha akamwonyesha ni za nini. Mbao laini hunywa maji kila fremu inapooshwa, zikikauka zinajipinda, na fremu iliyojipinda haiwezi kuchapa rangi mbili: ya kwanza inakaa hapa, ya pili inakaa pembeni yake, na uso wa mtu unapata midomo minne. Mjomba akahamia kwenye msaji wa Mtibwa. Fremu zile za msaji ndizo ninazochapia mpaka leo.

Kwa nini watu waliokimbia nchi yao wakose usingizi kwa ajili ya fremu? Kwa sababu kwao fulana ilikuwa gazeti. ANC ilipigwa marufuku Aprili 1960 na haikuruhusiwa tena hadi Februari 1990, na katika miaka yote hiyo kuvaa nembo yake hadharani kungeweza kukupeleka jela. Gaborone, ng'ambo ya mpaka wa Afrika Kusini, wasanii wa uhamishoni waliunda kikundi kiitwacho Medu, wakatengeneza mabango na wakafundisha kuchapa. Walifikiria hadi vifaa vya kuchapia vinavyoenea kwenye sanduku la kubeba mkononi, ili mtu avipeleke mtaani bila kuhitaji umeme. Cape Town kulikuwa na Community Arts Project, Johannesburg kukawa na Screen Training Project, na vijana wa mitaa walikwenda huko kujifunza wakarudi kwao kuchapa. Umoja wa UDF, wa kupinga ubaguzi, ulipozinduliwa Mitchells Plain tarehe 20 Agosti 1983, fulana zake zilienea nchi nzima. Mwanaharakati akiuawa, sura yake ilikuwa kwenye vifua vya waombolezaji siku ya maziko.

Serikali ya Pretoria ilielewa uzito wa jambo hilo kuliko baadhi yetu tunaoielewa fulana kama zawadi ya semina. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 1985 makomando wake walivuka mpaka wakaingia Gaborone, wakaua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu. Habari hizo zilifika Mazimbu, na Mjomba alisema karakana haikupiga nyundo siku hiyo.

Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania. Wageni walirudi kwao, na mradi wa Dakawa ukahamia Grahamstown, mji unaoitwa sasa Makhanda, ukiwa na jina lile lile la kijiji chetu. Mjomba alibaki na fremu kadhaa, mpira mmoja wa kukokotea wino, na ufundi alioupata kwa kuchungulia.

Nilipoanza kujifunza kwake, nilimkuta bado anakata herufi kwa wembe. Karatasi ngumu, herufi zimechorwa kwa penseli, na wembe umevunjwa nusu ukafungwa kwenye kijiti. Anayeanza huogopa mistari mirefu, kumbe mistari ni rahisi. Shida iko kwenye matobo. Ukikata O, kile kiduara cha katikati kinadondoka, na ukichapa bila kukirudisha unapata doa jeusi badala ya herufi. A nayo ina tobo lake, B ina mawili, D lake moja. Sasa fikiria lugha yetu ilivyo. Mwingereza anaweza kuandika neno zima lisilo na tobo hata moja. Wewe jaribu kumwandikia mteja MAENDELEO YA JAMAA. Mjomba aliviokota vile vitobo kimoja kimoja kwa ncha ya wembe aliyoilowesha mate, akavipanga chini ya kitambaa mahali pake, kisha akakokota wino mara ya kwanza taratibu sana. Unyevu wa wino ndio unaovigandisha kwenye kitambaa. Vikishagandishwa unachapa hadi karatasi ilegee. Mtoto akipita mbio na kupeperusha upepo katika dakika hizo, alikuwa anakiona cha moto.

Baadaye tukahamia kwenye dawa. Wavu wa poliesta wa nyuzi 43 kwa sentimita ndio unaofaa nguo. Tukiukosa tuliwamba kitambaa chepesi cha pazia. Unaupaka gundi iliyochanganywa na daikromati, chumvi ya rangi ya chungwa ambayo ni sumu, isiguswe kwa mkono mtupu wala isimwagwe karibu na kisima. Unaukausha gizani. Mchoro mweusi juu ya karatasi inayopitisha mwanga unaulaza juu yake, unaugandamiza kwa kioo, halafu unautoa juani. Jua la saa sita la Morogoro linamaliza kazi kwa dakika chache. Wakati wa masika, Uluguru wote ukiwa umefunikwa na mawingu, unakaa unabahatisha. Palipopata mwanga gundi inakuwa ngumu, palipofichwa na wino mweusi inabaki laini na inaondoka kwa maji. Hapo matobo ya O hayadondoki tena. Mjomba aliitazama njia hii, akasema ni nzuri, akaendelea na wembe wake kwa kazi ndogo ndogo.

Ukinihoji kazi zilitoka wapi, nitakujibu kwa kalenda ya taifa. Mwanzoni fulana tupu zenyewe zilikuwa adimu. Duka likipata mzigo watu walipanga foleni. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao, milango ikafunguka, na mitumba ikaja nayo. Mjomba alichapia mitumba pia: kifuani kuna jina la shule ya Ohio, mgongoni kuna kwaya ya Mafiga. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, na uchaguzi wa Oktoba 1995 ndio uliotufanya tukeshe. Fulana ya njano ni rafiki wa mchapaji, wino wa kijani unakaa juu yake kwa mkokoto mmoja. Ya bluu iliyoiva au nyeusi inataka kwanza uichape nyeupe, uikaushe, ndipo urudie rangi juu yake, kwa hiyo chama chenye fedha kidogo na rangi nzito kilipata taabu mara mbili. Tulichapia wote. Uchaguzi ukipita, sura za wagombea zilihamia mashambani, zikapalilia mahindi hadi zikapauka.

Mei Mosi ndiyo mzigo wa kila mwaka. Kila ofisi inataka fulana na kofia, kaulimbiu inachelewa kutoka, na fulana zinatakiwa asubuhi ya maandamano. Kisha ilikuja miaka ya kampeni za Ukimwi, ambapo hakuna semina iliyokwisha bila fulana. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 watu walitaka sura yake, na sura haikatwi kwa wembe: inavunjwa kuwa vidoti, vikubwa penye kivuli, vidogo penye mwanga. Vidoti vya paji la uso vilikuwa vinajaa wino na kuungana kila mara, na Mwalimu akitoka na paji lisilo na mwanga watu walimkataa, hawakujali nembo wala maandishi.

Wanaoniambia kwamba kazi imekwisha wana hoja, ila wanaisema kwa haraka. Fulana za kampeni siku hizi huja kwa makontena, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 iliweka mipaka ya matumizi ambayo mchapaji mdogo aliisikia kabla ya mgombea. Arusha wako wanaofuma na kushona kwa maelfu. Na sasa kuna filamu: unatuma picha kwa simu, inachapwa Kariakoo, inakuja kwa basi la jioni, unaibandika kwa mashine ya joto kwa sekunde chache. Rangi zote unazozitaka, hata za ngozi ya mtu. Familia iliyofiwa asubuhi inavaa picha ya marehemu kesho yake, jambo ambalo kwa fremu nisingeliweza. Nami nimenunua mashine hiyo ya joto, imekaa chumbani. Nisichokipenda ni ule ugumu wake: kifua kinakuwa kama kimebandikwa nailoni, jasho halipiti, na ukifua fulana hiyo kwa mawe ya mto Ngerengere utakuja kuniuliza picha imekwenda wapi. Wino uliokokotwa unaingia ndani ya uzi.

Kikubwa kinachoamua ni hesabu. Filamu inalipwa kwa kila kipande, cha kwanza na cha mia bei ni ile ile. Fremu ni ghali mwanzoni, gundi, wavu, nusu siku ya kazi, lakini ikishakuwa tayari kila fulana inayofuata ni wino wa vijiko viwili. Kwa hiyo harusi ndogo naipeleka kwenye filamu, na darasa zima naliweka kwenye fremu. Mazimbu sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na bado ina jina la Solomon Mahlangu. Kila mwaka wanafunzi wake wanaomaliza wanakuja na orodha ya majina yao yote wanayotaka yakae mgongoni, kwa rangi moja, kwa bei ya wanafunzi. Wa mwisho waliokuja walikuwa wamebishana njia nzima. Mmoja alitaka filamu kwa sababu inang'aa, mwenzake mwenye daftari la michango akapiga hesabu mbele yangu, akaifuta, akapiga tena. Wakachukua fremu. Nikawaambia waikague orodha wote pamoja kabla sijaiweka juani, maana jina likikosewa kwenye wavu limekosewa kwenye migongo yote, na mwenye daftari akagundua hapo hapo kwamba jina lake mwenyewe halimo.