Jeli ya dawa: Maabara hupima vipi dawa inayotoka?

Asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu ya jeli humweleza mtumiaji kiasi cha dawa kilichomo. Haimwelezi ni kiasi gani kitatoka, wala kwa kasi gani. Jeli mbili zenye dawa ileile na asilimia ileile zaweza kutofautiana: moja huing'ang'ania dawa, nyingine huiachia mapema. Ndiyo maana viwanda na mamlaka za udhibiti hutegemea kipimo maalumu cha maabara.

Chemba ya Franz

Kifaa kinachotumika sana ni chemba ya Franz, iliyopewa jina la Thomas Franz aliyeieleza mwaka 1975. Ni chombo kidogo cha kioo chenye sehemu mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wenye vitundu. Jeli hupakwa juu ya utando. Chini yake kuna kimiminika kinachokorogwa kwa kipande cha sumaku. Joto hudumishwa kwenye nyuzi 32 za Selsiasi kwa jeli za ngozi, au 37 kwa jeli za ukeni.

Kwa muda wa saa nne hadi sita, mtaalamu huchota sampuli kupitia mrija wa pembeni, na kila mara hurudishia kiasi kilekile cha kimiminika kipya. Dawa iliyomo kwenye sampuli hupimwa kwa kromatografia.

Dawa iliyo karibu na utando hutoka kwanza. Ile ya ndani husafiri mbali zaidi, hivyo kasi hupungua kadiri saa zinavyopita. Kwa sababu hiyo, jumla ya dawa iliyotoka huchorwa dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, kwa kufuata kazi ya Takeru Higuchi ya mwaka 1961. Kwa kawaida hupatikana mstari ulionyooka, na mwinuko wake ndio kipimo cha kasi.

Kiputo kimoja cha hewa chini ya utando chatosha kuharibu matokeo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1997 kuhusu mabadiliko ya utengenezaji wa dawa za kupaka hutaka chemba sita kwa kila bidhaa inayolinganishwa. Uwiano wa kasi unapaswa kuwa kati ya asilimia 75 na 133.33.

Funzo kutoka Afrika

Hata hivyo, kipimo hiki hakithibitishi kwamba dawa inatibu au inakinga. Mwaka 2010, utafiti wa CAPRISA 004 uliowahusisha wanawake 889 nchini Afrika Kusini ulionyesha kuwa jeli ya tenofovir ya asilimia 1 ilipunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 39. Matumaini hayo hayakudumu. Utafiti wa VOICE, uliofanyika Uganda, Afrika Kusini na Zimbabwe, haukuona kinga hiyo, na vipimo vya damu vilionyesha kuwa washiriki wengi hawakuitumia jeli kama walivyoelekezwa. Utafiti wa FACTS 001 nao, uliotangazwa mwaka 2015, haukuthibitisha ufanisi wake.

Chemba ya kioo hueleza iwapo jeli inaiachia dawa inavyotakiwa. Haiwezi kueleza iwapo tyubu itafunguliwa, na swali hilo hujibiwa nyumbani kwa mtumiaji.